Bucha la Mtaani, Barabara ya Dodoma: Mwongozo wa Msafiri Mlaji

Wengi wanaosafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hula pale mabasi yanaposimama: chipsi za tangu asubuhi, kuku aliyekauka, soda ya moto. Kumbe njia hiyo ya takribani kilomita 450 inakatiza nchi ya wafugaji. Kuanzia Dakawa na Dumila utawaona Waparakuyo wakichunga kando ya lami. Ukikaribia Kongwa uko jirani na ranchi ya taifa, na Dodoma yenyewe ni kwa Wagogo, ambao ng'ombe na mbuzi ni mali yao tangu enzi. Nyama nzuri ipo kila mji unaoupita. Imetundikwa kwenye bucha la mtaani, lile la mlango mmoja, mizani moja na kijana aliyevaa koti jeupe, hatua chache nyuma ya kelele za stendi.

Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, itakufikisha mapema kuliko gari lolote. Ila haisimami buchani. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda ili ale, na kufika kwake kunaweza kusubiri.

1. Panga safari kwa saa ya machinjio

Ukikosea hapa, hatua nyingine zote hazitakusaidia. Ng'ombe na mbuzi wa mabucha ya mtaani huchinjwa usiku au alfajiri. Mkaguzi wa nyama hupita, hupiga muhuri, kisha mizoga hupakiwa kwenye magari na bajaji za mizigo zenye sanduku la bati. Buchani hufika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Mabucha mengi madogo hutundika nyama hewani, na friji, kama lipo, ni la kuhifadhia kilichobaki. Kwa hiyo nyama ya saa moja asubuhi na nyama ya saa kumi na moja jioni, hata ikiwa ya mnyama yuleyule, ni bidhaa mbili tofauti. Ile ya jioni imekaa kwenye joto mchana kutwa, tena sehemu bora zilishaondoka na wateja wa alfajiri.

Ndiyo maana sipendekezi kuondoka Dar asubuhi. Ukiondoka saa kumi na mbili, ukapigana na foleni ya Kimara hadi Kibaha, unafika Morogoro saa nne au tano, na steki ya maana imekwisha. Ondoka Ijumaa mchana, lala Morogoro (ni kama kilomita 190), uamkie buchani Jumamosi. Utaona mbele kwa nini nimechagua Jumamosi.

Kalenda nayo ina lake. Ijumaa kuanzia saa sita mabucha mengi hufungwa kwa ajili ya swala. Mwezi wa Ramadhani jiko la choma hulala mchana, halafu watu wakasongamana kabla ya futari. Sikukuu ya Eid el-Hajj mitaa ya Waislamu imejaa nyama ya sadaka, hivyo bucha huenda lisichinje kabisa. Krismasi na mwaka mpya nyama ipo tele, lakini bei hupanda na mkataji hana muda wa kuzungumza na mgeni.

2. Muulize anayepika supu

Ukishalala Morogoro, tuseme Kihonda au Mafiga, usimuulize mtu wa mapokezi bucha zuri liko wapi. Atakuelekeza kwa ndugu yake. Nenda kwa muuza supu wa asubuhi, agiza bakuli la makongoro, yaani supu ya miguu ya ng'ombe, na chapati, kamulia ndimu, kisha uliza: "Mama, supu hii nzuri. Nyama mnachukua wapi?" Mtu anayenunua nyama kila siku ya Mungu kwa ajili ya biashara hakubali kupunjwa mara mbili. Bucha atakalokutajia limeshapita mtihani mgumu kuliko wako.

Ukifika hapo, simama pembeni kidogo uwatazame wateja. Foleni ni dalili nzuri, ila mimi natafuta mtoto. Ukimwona mtoto wa miaka minane ametumwa peke yake na pesa ya nusu kilo, jua mzazi wake anamwamini yule mkataji kwamba hatamfungia mtoto mifupa mitupu.

3. Kagua kabla ya kusalimia

Macho yafanye kazi wakati unasubiri zamu.

Muhuri kwanza. Mzoga uliokaguliwa una alama ya wino wa bluu au zambarau kwenye paja au ubavuni. Wino huo haudhuru, usimwambie mkataji aukwangue. Kama kipande kikubwa kilichotundikwa hakina alama yoyote, uliza. Jibu la "kimekatwa upande wa pili" linaweza kuwa kweli, basi aonyeshe huo upande wa pili.

Kisha tazama maini. Wageni hulikataa ini lenye mikato wakidhani limechezewa. Mikato hiyo mara nyingi ni ya mkaguzi: hulichanja ini akitafuta minyoo, na hukata tezi, moyo na misuli ya taya akitafuta magonjwa na viluwiluwi vya minyoo ya tegu. Ini zima lisilo na chale hata moja linanipa maswali zaidi. La kukataa ni ini lenye vivimbe vyenye maji, madoa magumu ya rangi ya maziwa, au mirija iliyonenepa na kukakamaa.

Angalia pia wanakatia nini. Mamlaka zimekuwa zikiwahimiza wenye mabucha waachane na gogo na shoka, watumie msumeno wa umeme na meza isiyofyonza damu. Msumeno hukata mfupa safi. Shoka huacha vipande vidogo vinavyojificha ndani ya nyama na kuvunja watu meno. Hata hivyo sitalikimbia bucha kwa sababu ya gogo peke yake. Nimekula nyama tamu sana iliyotoka kwenye gogo lililokwanguliwa na kupakwa chumvi kila jioni. Ninachokimbia ni gogo lenye nyufa zinazonuka.

4. Salimia, kisha uliza maswali matatu

Mkataji akiwa mtu mzima, "shikamoo mzee" ndiyo tiketi yako. Akiwa kijana, "habari za kazi, kaka" inatosha. Waliokutangulia kwenye foleni wasalimie pia. Mgeni anayeingia kimya na kunyoosha kidole kwenye steki hupewa bei ya kimya. Sema unatoka wapi na unakwenda wapi. Biashara ya bucha ni ya watu walewale kila siku, hivyo msafiri ni mazungumzo mapya.

Usiulize kama nyama ni nzuri. Hakuna mkataji aliyewahi kujibu hapana. Uliza hivi: mnyama ametoka wapi, amechinjwa lini, na leo wewe mwenyewe ungepeleka nyumbani kipande gani? Swali la tatu ndilo tamu kuliko yote. Mara nyingi hatakutajia steki. Atakuonyesha nundu, kidari, au mbavu za upande mmoja uliomkaa moyoni tangu mzoga ushushwe.

Picha omba ruhusa kwanza, na usiwapige wateja wengine. Pia usiulizie kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwenye bucha la ng'ombe na mbuzi. Ina sehemu zake, zinajulikana, na wenyeji watakuelekeza bila kukuhukumu. Ukiipata, ihakikishe imeiva hadi ndani kabisa, kwa sababu ya tegu.

5. Chagua kwa kufuata unavyotaka kupika

Hapa ndipo wengi hupoteza hela. Wanaona neno "steki" kwenye ubao wa bei, wanajua ndiyo ghali, wanadhani ndiyo bora kwa kila jambo.

Ng'ombe aliyechinjwa usiku, asubuhi misuli yake bado imekakamaa. Ni mwili tu unavyofanya baada ya kufa; ng'ombe huhitaji siku nzima na zaidi kwenye ubaridi ndipo alegee. Steki ya paja ya asubuhi hiyo, ukiitupa kwenye mkaa mkali, utatafuna hadi Gairo. Ipeleke kwenye sufuria: chemsha taratibu, rosti, pilau. Kwa kuchoma siku hiyohiyo, chukua sehemu zenye mafuta au zisizofanya kazi nyingi. Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, iko hivyo, ila ni ndogo na huwahiwa. Mbavu pia. Na nundu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote na wageni. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu yenye nyama na mafuta yaliyopishana; ichome polepole na chumvi tu, mafuta yayeyuke yenyewe.

Kwa supu ya jioni ugenini chukua mkia, makongoro au shingo. Nyama ya mchanganyiko, yaani nyama na mifupa kidogo, bei yake ni chini ya steki na mchuzi wake una ladha zaidi. Utumbo, bandama na mapafu nunua tu kama utapika siku hiyohiyo. Ukitaka nyama ya kusaga, chagua kipande kwa macho yako, kisagwe mbele yako. Iliyokwisha kusagwa iache hapohapo, kwa sababu hujui ina nini, na uso wote wa nyama umeshakutana na hewa na mashine.

Rangi nayo husomwa kwa utulivu. Nyama ya ng'ombe ikikatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau iliyofifia, halafu baada ya dakika kadhaa za hewa inageuka nyekundu angavu. Usiikatae ile ya zambarau. Ya kukwepa ni nyama nyeusi, kavu, yenye kunata vidoleni, hata ikiwa mbichi. Mara nyingi hiyo ni ya mnyama aliyechoka: aliyeswagwa au kusafirishwa mbali, akapigwapigwa, misuli ikamaliza sukari yake kabla ya kisu. Nyama ya namna hiyo haipati asidi yake ya kawaida, na huoza upesi. Kwa msafiri mwenye saa nne za barabara mbele yake, hiyo ni hasara.

Mafuta ya ng'ombe kuwa ya manjano si ugonjwa. Ni majani aliyokula, na mara nyingi ni umri pia. Lakini mafuta ya mbuzi huwa meupe. Ukiuziwa "mbuzi" mwenye mafuta ya manjano, uliza tena. Na kuna ule mchezo wa zamani wa kondoo kugeuka mbuzi mara ngozi inapotoka. Omba kuona mzoga wenye mkia. Mkia wa mbuzi ni mfupi na mwembamba, wakati kondoo wetu wa asili wana mkia mnene wa mafuta, na mahali ulipokatwa panaonekana. Ukishakula utajua pia, maana mafuta ya kondoo huganda midomoni yakipoa. Kondoo mwenyewe ni mtamu, ninachokataa ni kulipia jina la mwingine.

Bonyeza kwa kidole ukiruhusiwa. Nyama nzima hurudi, iliyochoka hubaki na shimo. Pua nayo ipewe nafasi. Harufu ya damu na chuma ni ya kawaida, harufu ya uchachu ni ya kugeuka na kuondoka.

6. Mizani, kisha pesa

Mshale au namba zisome sifuri kabla nyama haijawekwa, na karatasi au bakuli lihesabiwe. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka, kwa hiyo stika iwe ya mwaka huu. Simama mahali unapoona wewe, si pale anapokuonyesha yeye. Kama umelipia mchanganyiko, mfupa mmoja wa kujazia ni haki yake. Ikiwa ni steki, sema kabla hajakata kwamba hutaki mfupa wala utando.

Kupatana bei kwenye bucha lenye ubao ni kujichosha. Omba nyongeza badala yake: kipande cha mafuta ya kukaangia, mfupa wa supu. Hiyo hutolewa kwa moyo. Malipo kwa lipa namba yanakubalika karibu kila mahali, ila beba noti ndogo, kwa sababu asubuhi mtandao husuasua na mkataji hana chenji.

Jambo moja la vyombo. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na lile rambo jeusi tulilozoea limekwenda nalo. Njoo na bakuli lako lenye mfuniko. Wanaovuka kutoka Kenya wamezoea, kwao marufuku ilianza 2017.

7. Kula hapohapo, au beba vizuri

Mabucha mengi yana jiko la mkaa ubavuni, la mwenye bucha au la jirani. Nunua mbichi, mkabidhi mchomaji, lipa hela ya kuchomewa. Kabla ya kukubaliana uliza kitu kimoja: kilo hupimwa mbichi au ikishaiva? Nyama hupungua sana motoni, na tofauti hiyo inaweza kumwacha mtu mmoja na njaa mezani. Kilo moja ya mbuzi mwenye mifupa, iliyopimwa mbichi, inatosha watu wawili wenye njaa.

Paja la mbuzi linataka saa nzima au zaidi kwenye mkaa uliotulia. Usimhimize mchomaji, akiongeza moto utapata nje makaa na ndani damu. Waambie mapema: chumvi tu, ndimu mezani, pilipili pembeni. Ndizi za kuchoma au ugali, kachumbari, basi.

Ukibeba, jiandae usiku uliotangulia. Gandisha chupa tatu nne za maji. Ndizo barafu yako, na zikiyeyuka utakunywa. Nyama iwe kwenye bakuli lililofungwa, chini kabisa ya deli au sanduku la barafu, nyanya na matunda juu, ili damu isidondokee kitu kinacholiwa kibichi. Sanduku likae ndani ya gari penye kivuli, mbali na buti lenye joto la jua. Bila barafu, na kwa joto la Morogoro, jihesabie saa moja au mbili tu kabla nyama haijawa ya mashaka. Ukiwa na papai bichi, kipande kidogo kilichopondwa na kitunguu saumu, tangawizi na ndimu kitalainisha nyama ngumu, lakini kisizidi nusu saa au saa moja, la sivyo nyama inageuka uji.

Gairo ni kituo kizuri cha kati. Kuna baridi na upepo, na nyama iliyotundikwa pale hudumu kuliko ya Morogoro, kwa hiyo hata ukifika saa tano si lazima ukate tamaa. Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi, wanaokula ni madereva wa malori na wapakiaji, watu wasiopenda kudanganywa sahani. Sikai sana hapo, bado nina safari.

8. Jumamosi mchana, Msalato

Mnada wa Msalato, kaskazini kidogo ya mji wa Dodoma kwenye barabara ya Arusha, hufanyika Jumamosi. Wanaotoka Nairobi kwa Namanga, Arusha, Babati na Kondoa huupita kabla hawajaingia mjini. Hapa bucha linakuwa uwanja: mifugo upande mmoja, wachinjaji na wachomaji upande mwingine, mapaja ya mbuzi yamechomekwa kwenye vijiti kuzunguka moto. Kanuni ni zilezile. Uliza ukaguzi, ona mkia, kubaliana uzito kabla ya moto. Ukiwa na kundi la watu, nunueni mbuzi mzima, mgawane: maini na figo ziende kwanza kwenye mkaa wakati mnangoja, mbavu zifuate, kichwa na miguu viwe supu.

Nyama iive. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia mikoa ya Dodoma na Morogoro, watu waliogopa hata kupita karibu na bucha. Mambo yalitulia, lakini fundisho la kula nyama iliyokaguliwa na kuiva bado liko palepale. Kama mtu anauza kwa bei ya kutupa nyama ya mnyama "aliyekufa ghafla", sogea mbali, ugonjwa wa kimeta hauchezewi.

Njiani pia unaweza kunyooshewa vipande vya nyamapori iliyokaushwa. Usisimame. Tangu 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha maalumu ya nyamapori yenye leseni. Ukiitamani, nenda huko na uondoke na risiti. Bila risiti, kipande kimoja kwenye buti ni kesi.

9. Chukua namba

Kabla ya kuondoka kwenye bucha lililokuridhisha, omba namba ya simu ya mkataji. Safari ya kurudi mpigie jioni ya siku moja kabla, mwambie unataka nini na utapita saa ngapi. Atakuwekea nundu au sarara pembeni mzoga unaposhuka, jambo ambalo mgeni wa mlangoni hawezi kulipata kwa pesa. Ukichelewa mpigie tena, maana akikungoja hadi saa tano bure, mara nyingine hatapokea simu.